Mwanamke Ndani ya Pakiti: Waigizaji wa Marekani, Ndonya za Newala na Biashara ya Sura

Kadi yenyewe ni ndogo: upana haufiki sentimita nne, urefu ni kama saba. Ni picha halisi ya kamera, ya rangi ya hudhurungi, iliyobandikwa kwenye kipande cha karatasi ngumu. Mwanamke ameegemea nguzo ya plasta, amevaa taiti zilizombana hadi kiunoni na kofia yenye unyoya, na anakutazama bila kupepesa macho. Limeandikwa jina lake, na karibu na jina hilo limeandikwa jina la kampuni ya sigara. Katika miaka ya 1880 Mmarekani aliyenunua pakiti ya sigara alimkuta humo ndani bure. Sigara zikaisha, mwanamke akabaki, akatiwa kwenye albamu pamoja na wenzake.

Mtu wa Mtwara ana sababu ya kuishika kadi hiyo na kuichunguza. Kabla kizazi kilichokusanya kadi hizo hakijazeeka, kamera ilishuka pwani yetu, ikapanda Uwanda wa Makonde hadi Newala, na bibi zetu nao wakawa karatasi za kuuzwa madukani Ulaya. Waliolipima suala hili kwa kipimo cha heshima wamebishana sana juu ya mavazi: nani alivuliwa nini, nani alifunikwa nini. Naona huo si ubishi wenye faida. Mwigizaji wa New York alikuwa amejifunika kuliko mwanamke yeyote wa Newala wa 1906, lakini yeye ndiye aliyezua kelele makanisani. Kinachowatofautisha kimo katika maandishi ya chini ya picha, na katika swali la nani aliulizwa kabla ya kamera kufunguliwa.

Tuanze na biashara, maana ndiyo iliyozaa kadi. Kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutia kadi katika pakiti. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: pakiti za wakati ule zilikuwa za karatasi laini, sigara zikivunjika mfukoni, hivyo kikahitajika kipande kigumu cha kuzikinga. Kipande kikishakuwapo, kukiacha kitupu ni hasara. Sigara hizo zilisokotwa kwa mkono na wasichana wa Richmond, na msokotaji hodari hakuzidisha sana sigara elfu tatu kwa siku. Mwaka 1881 kijana wa Virginia, James Bonsack, akapata hataza ya mashine iliyoweza kutoa sigara zipatazo 120,000 kwa siku. James Buchanan Duke wa North Carolina ndiye aliyeing'ang'ania mashine hiyo, na hapo tatizo likageuka: sigara zikawa nyingi kuliko wavutaji.

Isitoshe, sigara haikuwa na hadhi. Mwanamume wa Marekani alitafuna tumbaku, akavuta kiko au biri nene. Kisigara chembamba kilionekana kitu cha vijana wa mjini. Kuwashawishi wanaume wazima kulihitaji kitu nje ya tumbaku. Huku kwetu kusini tumbaku haikuhitaji mpiga debe. Ililimwa nyuma ya nyumba, ikasagwa ugoro, na bibi alitoa kikopo chake mbele ya wajukuu bila mtu kushtuka. Ni pale bidhaa inapotoka kiwandani kwa mafungu, haina mwenyewe wala desturi, ndipo inapoazima uso wa mtu.

Uso ulioazimwa ulitoka jukwaani. Maonyesho ya vichekesho na nyimbo yalikuwa yamewazoesha watu wa mijini kuona wanawake waliovaa taiti tangu kundi la Mwingereza Lydia Thompson lilipotua New York mwaka 1868. Studio ya Napoleon Sarony pale Union Square iliwapiga picha karibu waigizaji wote waliokuwa na jina, na inasimuliwa kwamba Sarah Bernhardt alilipwa dola 1,500 na Lillie Langtry dola 5,000 ili wakubali kukaa mbele ya kamera yake. Kwa hiyo mwigizaji mkubwa hakuwa mjinga wa soko. Alijua uso wake una bei, na alipatana. Langtry huyohuyo mwaka 1882 aliuza jina lake kwa sabuni ya Pears, tena waziwazi.

Lakini sheria ilimwona nani kuwa mwenye picha? Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Sarony dhidi ya kampuni ya uchapaji ya Burrow-Giles, iliyokuwa imenakili picha aliyompiga mwandishi Oscar Wilde. Sarony alishinda, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyepanga mkao, nguo, mwanga na pazia, na kwa hiyo picha ni kazi ya akili yake. Ni hukumu nzuri kwa wapiga picha, nami siibezi. Ila angalia aliyeachwa nje: aliyekaa kitini. Uso ni wake, lakini haki ya kuuzidisha mara elfu ilikuwa ya mwingine. Viwanda vya sigara viliingia katika mwanya huohuo. Vilinunua picha kutoka studio, au vilizinakili tu, vikazichapa kwa maelfu.

Namna mwanamke alivyoingizwa katika tangazo ilitofautiana, na hapa visa vitatu vinanipa mwanga kuliko mamia ya kadi. Mwaka 1884 wakala wa Duke mjini Atlanta, Edward Small, alimwendea mwigizaji aliyejulikana kwa jina la Madame Rhea, akamwomba ruhusa ya kutumia picha yake kubwa akiwa ameshika pakiti za Duke. Alikubali. Tangazo likatoka, likanogesha mji, sigara zikauzika. Aliombwa, akaridhia, basi.

Kisa cha pili ni cha Marion Manola, mwimbaji wa Broadway. Mwaka 1890 mchezo wake ulimtaka avae taiti jukwaani, naye akavaa, kwa kuwa ndiyo kazi. Meneja wake akataka picha za namna hiyo ili atangaze onyesho. Manola akakataa. Usiku mmoja, akiwa anaigiza, mwanga mkali ukalipuka kutoka kibanda kimojawapo cha watazamaji: alikuwa amepigwa picha kwa hila, na meneja mwenyewe. Akaenda mahakamani New York, na jaji akazuia picha hiyo isitumike. Mwishoni mwa mwaka huo wanasheria Samuel Warren na Louis Brandeis wakachapisha makala katika jarida la sheria la Harvard wakidai kwamba mtu ana haki ya kuachwa na faragha yake, na kesi ya Manola wakaitaja humo. Watu wengi wanaonukuu makala hiyo leo wanapojadili data na mitandao hawajui kwamba ndani yake mna mwigizaji aliyekataa kuwa tangazo.

Hoja ya Manola ilikuwa na ukali wake. Hakusema taiti ni aibu. Alikuwa tayari kuonekana na watu mia kadhaa waliokata tiketi, jioni ile, ndani ya hadithi ile. Hakuwa tayari kuonekana na mpita njia yeyote katika dirisha la duka, nje ya hadithi, siku zote. Jukwaa lina mlango na lina saa ya kufunga. Kadi haina.

Kisa cha tatu hakimhusu mwigizaji. Abigail Roberson, binti wa jimbo la New York, alikuta sura yake kwenye mabango 25,000 ya unga wa ngano, bila kuulizwa. Mwaka 1902 mahakama ya rufaa ya jimbo ilimnyima haki kwa kura nne dhidi ya tatu, ikisema sheria ya namna hiyo haipo. Wananchi wakapiga kelele, na mwaka 1903 bunge la New York likaitunga: picha ya mtu isitumike kutangaza biashara bila idhini yake ya maandishi. Kutoka Rhea hadi Roberson ni chini ya miaka ishirini. Hao wote watatu walikuwa na majina, mawakili, magazeti ya kuwasemea, na mahakama ya kupigia hodi.

Hata nyumbani kwa Duke mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1894 baba yake, Washington Duke, mzee wa kanisa la Methodisti, alimwandikia barua kumlalamikia juu ya picha hizo zilizotiwa katika sigara, akiona zinaharibu vijana na kuwapa silaha maadui wa biashara. Mwana hakutikisika, wakati huo alikuwa tayari amekwisha kuunganisha washindani wake katika American Tobacco Company tangu 1890.

Sasa kuna jambo ambalo wakusanyaji wa kadi hulipita haraka. Kampuni hizohizo zilitoa pia mfululizo mwingine: bendera za dunia, wafalme, wavutaji wa mataifa, aina za watu wa nchi zote. Allen & Ginter ilitoa kadi za wavutaji wa dunia mwaka 1888, zenye michoro ya rangi za kupendeza. Katika kadi hizo hakuna mtu mwenye jina. Kuna Mturuki, kuna Mhindi, kuna Mwarabu. Mnunuzi aliyefungua pakiti moja akamkuta mwigizaji Lillian Russell, alifungua ya pili akakuta taifa zima limevikwa nguo za mtu mmoja. Kiwanda kilikuwa na droo mbili, ya watu na ya aina za watu, na dunia yetu iliwekwa katika ya pili.

Mwanamke wa Uwanda wa Makonde aliingizwa katika droo hiyo na mtaalamu, wala si na muuza sigara. Karl Weule wa makumbusho ya ethnolojia ya Leipzig alifika Lindi katikati ya mwaka 1906. Kwanza alikusudia kwenda Kondoa-Irangi, lakini machafuko yakambadilishia njia, akaletwa kusini, nchi ambayo majivu ya vita vya Maji Maji yalikuwa bado ya moto. Alikaa miezi kadhaa akizunguka Masasi, Newala na Mahuta, akiwa na kamera ya picha, kamera ya sinema na fonografia ya kunasa sauti. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909, kimejaa picha za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Wanawake wenye ndonya ndio waliomshangaza kuliko chochote.

Nieleze ndonya kwa wasiowahi kuiona. Mdomo wa juu wa binti hutobolewa, tundu likatiwa kijiti, kijiti kikabadilishwa kwa kinene zaidi, mpaka baada ya miaka mdomo ukaweza kubeba kisahani cha mbao, mara nyingi cha mpingo uliosuguliwa hadi ukang'aa. Usoni huchorwa chale, mistari iliyovunjikavunjika ya pembe kali iliyotiwa unga wa mkaa ili ibaki ikionekana. Mwanamke mwenye ndonya kubwa na chale zilizonyooka alikuwa mtu mzima aliyekamilika, na alijua hivyo. Ziko simulizi, wanazipenda sana waongoza watalii, kwamba ndonya ilibuniwa ili kuwachukiza wafanyabiashara ya watumwa. Siziamini. Kitu cha kufukuzia watu hakisuguliwi kwa mafuta, wala hakichongwi kwa umakini kiasi kile, wala wanaume hawatungi nyimbo za kukisifu.

Mpiga picha wa Leipzig hakuona mapambo, aliona sampuli. Kwa mtazamo wa elimu ya watu ya zama zake, mwanamke alipigwa kwa mbele, kisha kwa ubavu, ili ndonya ionekane ilivyojitokeza. Chini ya picha ikaandikwa kabila na mahali. Ukiweka picha hiyo kando ya kadi ya Langtry, utaona kwamba mapambo ya wote wawili yaligharimu muda na maumivu: korseti ya Langtry iliyokaza mbavu, ndonya ya bibi wa Newala iliyonyoosha mdomo. Mmoja akaitwa mrembo wa dunia. Mwingine akaitwa Mmakonde.

Kutoka kitabuni hadi sokoni hapakuwa mbali. Kadi za posta ndizo zilizokuwa kadi za sigara za makoloni. Zanzibar ilikuwa na studio za Wagoa, A. C. Gomes, ndugu Coutinho, Pereira de Lord, zilizouza picha za majumba, za bandari na za wanawake wa Kiswahili waliovaa kanga. Dar es Salaam alikuwapo Vincenti. Askari na makarani wa Kijerumani, kuanzia Tanga hadi boma la Mikindani lililojengwa mwaka 1895, walinunua kadi hizo, wakaandika nyuma salamu kwa mama na mchumba, wakatia stempu. Mwanamke wa Kimakonde mwenye ndonya alikuwa miongoni mwa sura zilizosafirishwa hivyo. Alilipiwa posta na hakulipwa yeye.

Niseme kwa haki kwamba kadi za Zanzibar si za kutiwa kapu moja na za Newala. Mwanamke wa mjini aliyeingia studio ya Gomes aliijua kamera. Biashara ya utumwa ilikuwa imekwisha, na mwaka 1897 hadhi yenyewe ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja. Wanawake wengi waliokatazwa zamani kujipamba kama waungwana walinunua kanga za mtindo mpya na wakataka waonekane nazo. Wapo waliolipa wapigwe picha, na picha hiyohiyo studio ikaichapa tena, ikaiuza kwa watalii wa meli kwa kichwa cha maneno kisichowataja. Mkono mmoja wa biashara ulimpa mwanamke picha aliyoitaka, mkono wa pili ukamnyang'anya. Na yuko Salme binti Said, aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kuwa Emily Ruete wa Hamburg. Alipigwa picha kwa mavazi ya nyumbani kwao, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake mwenyewe kwa Kijerumani. Wasomaji wake walitaka hadithi za nyumba za masultani. Aliwapa, pamoja na mabishano mengi wasiyoyatarajia. Alikuwa binti wa sultani, na hilo ndilo lililomwezesha kuandika maneno ya chini ya picha yake mwenyewe. Mama wa Newala hakuwa na kalamu wala mchapishaji.

Biashara ya sigara ilirudi kwetu kwa mlango wa nyuma, kupitia Dresden. Mji huo ulikuwa kitovu cha sigara za Ujerumani, na hadi leo kiwanda cha Yenidze, kilichokamilika mwaka 1909, kimesimama pale kwa umbo la msikiti: kuba la vioo juu, na bomba la moshi lililojengwa mfano wa mnara wa kuadhinia. Sigara yake mojawapo iliitwa Salem Aleikum. Mwislamu wa Mikindani angecheka au angekasirika, sijui lipi kwanza. Mwaka 1936, Ujerumani ikiwa imekwisha kupoteza makoloni yote kwa miaka kumi na saba, kampuni ya picha za sigara ya mjini humo ilitoa albamu ya makoloni ya Kijerumani. Mvutaji alikusanya kuponi, akabadilisha kwa picha, akazibandika penye nafasi zake, Afrika Mashariki ikiwamo. Picha zilizopigwa zamani kwa jina la elimu zilikuwa zimezoeza macho ya watu; sasa sigara zilifanya kazi ya siasa, kumfundisha mtoto wa Ujerumani ya Hitler kwamba kuna nchi mbali ambayo ni haki yake. Mwigizaji wa 1888 aliuza sigara. Kufikia 1936 sigara iliuza nchi yetu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukiwa tumeonewa sote. Ila sisi wa kusini tuna jukwaa letu, na jukwaa hilo halimpi mwanamke nafasi anayodhani mgeni.

Katika ngoma ya mapiko, ya Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, mchezaji hutokea amejifunika kinyago kichwani na nguo mwili mzima, hata vidole visionekane. Kinyago mara nyingi ni cha mwanamke: chale usoni, ndonya mdomoni. Upande wa Tanzania kuna pia kinyago cha kifuani, ubao uliochongwa matiti na tumbo la mimba lenye chale kuzunguka kitovu, nao hufungwa mwilini mwa mchezaji. Mchezaji huyo ni mwanamume. Hutembea kwa maringo, hujishika kiuno, huonyesha uzito wa ujauzito, na wanawake hutazama na kukimbia na kucheka. Kwa mila hawapaswi kujua ni nani aliye ndani. Wengi hujua, bila shaka, maana mume anatambulika hata kwa nyayo zake. Adabu ya ngoma ni kutosema.

Huyu ndiye mwigizaji wa kike wa jadi yetu: sura ya mwanamke bila mwanamke. Wamarekani walikuwa na mwanamke aliyekuwepo, akageuzwa kadi. Mapiko yanamtoa mwanamke kabisa na kubakiza umbo lake mikononi mwa wanaume walioingia jandoni. Hata hadithi ya asili ambayo Weule aliandikiwa huko uwandani, ile inayotaja Mahuta kuwa chimbuko la kabila, inaanza na mwanamume wa porini, mpweke, asiyeoga, aliyechonga mti kwa umbo la mwanamke na kuusimamisha. Usiku ukapita, asubuhi akakuta mwanamke hai, akawa mkewe na mama wa Wamakonde. Mwanamke wa kwanza alikuwa kinyago.

Hata hivyo, ukoo unafuata upande wa mama, na mwanamke aliyechongwa anachukuliwa kuwa bibi wa watu fulani. Kinyago cha mapiko hakiuzwi baada ya ngoma, wala hakiachiwi mtu asiyepita jandoni kukishika, kinafichwa. Kina mlango na saa ya kufunga, kama jukwaa la Manola. Kwa sababu hiyo nasita kuwaweka wachezaji wa mapiko katika fungu la watengeneza kadi, ingawa wanawake wa Makonde wana haki ya kudai zaidi ya kutazama.

Mambo yalibadilika kinyago kilipoingia soko. Kuanzia ukoloni wa Kiingereza wachongaji wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi mashambani, wakafika Mtwara, Lindi na Dar es Salaam, na wanunuzi wa Kihindi na wa Kizungu wakawapa oda. Kichwa cha bibi mwenye ndonya kikawa miongoni mwa bidhaa za kwanza kuuzika. Leo vichwa hivyo viko Mwenge, Dar es Salaam, vimepangwa rafu kwa rafu, vikubwa vya sebuleni na vidogo vya mkobani. Wachongaji ni wetu, fedha inabaki kwetu, kiasi fulani. Lakini bibi yule hana jina, ana kabila tu, na mchongaji kijana aliyemchonga labda hajawahi kumwona mwanamke mwenye ndonya akiwa hai. Tumejifunza droo ya pili na tumeijaza wenyewe. Sindimba nayo ilipita njia hiyo. Ilikuwa ngoma ya kiuno ya uwanda, ikachukuliwa na kundi la ngoma la taifa lililoundwa mwaka 1963, ikawa sura ya Tanzania mbele ya wageni wa serikali, wachezaji wake wakijulikana kwa jina la kundi.

Kuna mwanamke mmoja wa pwani aliyeupindua mpango huu, na hakuhitaji picha. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watumwa, aliyewahi kuuza vyungu mjini Unguja, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Wanunuzi wa Lamu, Mombasa na Mikindani waliitaka santuri kwa jina lake. Sauti ilikuwa yake, jina lilikuwa lake, na uso ukabaki nyumbani. Baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu, heshima ambayo wanawake wachache wa zama zake waliipata. Ningepewa nichague kati ya kadi ya Langtry na lebo ya santuri ya Siti, ningeichukua lebo.

Pakiti ya sigara yenyewe imekwisha kumtema mwanamke. Sigara ya Sportsman ina kichwa cha farasi. Tanzania ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu 2003, na iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2007. Uso uliotoka kwenye sigara umehamia kwenye losheni, vifurushi vya simu, nywele za bandia na maziwa ya unga. Waigizaji wa filamu zetu za Kiswahili, ambao sura zao zilijaa kwenye majalada ya sidii kabla simu haijazimeza, leo husaini mikataba ya ubalozi wa bidhaa, na walio makini huja na wakili. Hao ni kizazi cha Madame Rhea. Lakini pita Chikongola au Magomeni, Mtwara mjini, uangalie mabango ya saluni: nyuso za waigizaji na waimbaji zimechotwa mtandaoni, zikachapwa kwenye turubai, na juu yake pameandikwa bei ya kusuka. Fundi wa bango haoni kosa, na mwenye saluni anaona amempa mwigizaji heshima.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweza kuwafikia wote wawili, kwa kuwa picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Jirani zetu wamekwisha kuonyesha meno: Septemba 2023 mamlaka ya ulinzi wa data ya Kenya ilitoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini. Mteja yule hakuwa nyota. Ni Abigail Roberson wa zama zetu, na safari hii alishinda.

Wanaohitaji sheria hiyo zaidi kusini si waigizaji. Ni wali wa unyago. Mtoto akitoka unyagoni amepakwa mafuta, amefungwa kanga mpya, amebebwa begani huku shangazi wakimtuza noti, simu zinainuliwa kutoka kila upande, na kabla ya jua kuzama video iko kwenye ukurasa wa mtu anayeishi kwa matangazo. Maelezo ya chini ni yaleyale ya 1906: unyago wa Kimakonde, Newala. Sheria ya 2022 inazihesabu taarifa za mtoto kuwa nyeti, lakini afisa wa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hayuko kwenye uwanja wa ngoma. Makungwi wapo. Tangu zamani wao ndio wanaoamua nani aingie, nani asimame wapi, na nini kisitoke nje ya uzio, na mwanamume asiyehusika hakuwahi kuwauliza sababu. Wakisema simu zibaki kwa mwenyekiti wa kijiji mpaka mwali arudishwe ndani, zitabaki. Baadhi wameshaanza kusema.